Karatasi ya 1830: siku nane na sitene ya asidi

Siku ya kwanza, Lubumbashi

Kwetu Lubumbashi Jumatatu tunaiita siku ya kwanza, na Jumamosi ni siku ya posho. Ndugu wa Dar na Mombasa wanisamehe, nitahesabu safari hii kwa majina ya nyumbani.

Kazi ni kwenda Chambishi, Zambia, na sitene tupu, yaani lori la tangi, kupakia asidi ya sulfuriki na kuileta kwenye mgodi upande wa Fungurume. Kwa kilomita si mbali. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko kama kilomita 90 kusini yetu, Likasi kama 120 upande wa pili. Kinachokula siku ni foleni na ukaguzi. Nami naamini ukaguzi unapita au unakwama hapa hapa uani kwetu, mtaa wa Kampemba, kabla injini haijawaka. Kwa hiyo leo hatukuondoka, tulijitayarisha kutwa nzima.

Tulianza na vibao. Ubavuni na nyuma ya sitene kuna kibao cha rangi ya machungwa chenye namba mbili: juu 80, chini 1830. Ile 1830 ndiyo namba ambayo Umoja wa Mataifa umeipa asidi ya sulfuriki, na ni hiyo hiyo ukiwa Kolwezi, Durban au Antwerp. Ile 80 inasema mzigo huu unaunguza na kula. Kando yake kuna kibao cheupe na cheusi kilichosimama kwa ncha, chenye tarakimu 8 na picha ya matone yakianguka juu ya mkono na juu ya chuma. Hata asiyejua kusoma anaelewa ule mkono.

Kijana msaidizi wangu alipokuwa anasugua upande wa kulia aliona kibao chetu kinacheza. Akakisogeza. Nyuma yake kulikuwa na kibao kingine cha zamani: 30 juu, 1202 chini.

"Yaya, hii ya chini njo nini?" Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Dizeli. Sitene hii ilitengenezwa upya kabla sijaijua, waliacha kibao cha remoki, trela, nyingine. Kitoe."

"Si imefunikwa?"

Imefunikwa na skrubu mbili, moja imeshalegea. Ikianguka njiani, sitene yangu itawaambia watu kwamba ndani ni dizeli, na zimamoto watakuja na povu, ambalo sehemu yake kubwa ni maji, kulimwaga juu ya asidi kali. Hata tarakimu moja ni hatari. 1831 ni asidi ya sulfuriki ile inayofuka moshi, na namba yake ya juu inaanza na herufi X, maana yake usiikaribishe maji kabisa. Kibao cha zamani kimetoka, kimeenda kwa chuma chakavu.

Saa nane mchana nikasikia mashine ya kuchomelea inanguruma karibu na sitene. Kishikio cha mtungi wa kuzimia moto kilikuwa na ufa, na muzee mmoja fundi wa uwanja alikuwa tayari na kinyago chake usoni.

"Papa, samahani, usiwashe."

"Mwanangu, si iko tupu?"

Tupu ndiyo jina la hatari yenyewe. Asidi kali ya asilimia 98 hukaa vizuri ndani ya chuma, kwa sababu inakitengenezea ngozi inayokilinda. Lakini yale mabaki ya chini yakivuta unyevu wa hewa yanakuwa mepesi, na asidi nyepesi inakula chuma na kutoa hidrojeni. Hewa hiyo haina harufu, na cheche moja inatosha kulipua tangi. Nilimweleza muzee polepole, kwa heshima, kwa sababu yeye amechomelea tangu sijazaliwa na hakuna aliyewahi kumwambia. Alikaa kimya kidogo, akafungua kishikio kwa spana, akaenda kukichomelea upande wa pili wa uwanja. Baadaye alirudi kuniuliza kama sitene za mafuta nazo ziko hivyo. Nikamwambia za mafuta ni mvuke wake, nazo ni vile vile.

Jioni nilipiga namba ya dharura iliyoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Akaitika mama mmoja wa Likasi, mpole sana, ambaye hajawahi kusikia habari za asidi maishani mwake. Laini ile ilikwisha kuuzwa upya. Nilimpigia patroni, bosi wangu, akatoa namba mbili zinazoitika usiku na mchana, tukazipaka rangi upya. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuipiga namba ile mbele yangu. Sasa nitaipiga mwenyewe kila siku ya kwanza.

Kisha karatasi. Nina faili la plastiki lenye mpangilio wa vile zinavyoulizwa: leseni na pasipoti, kadi ya gari, bima na kadi ya manjano ya COMESA (bima ya gari ya kuvukia nchi jirani), cheti cha ukaguzi wa gari, cheti cha kupimwa kwa tangi, cheti changu cha mafunzo. Hati za mizigo ya zamani nimezitoa zote, maana karatasi ya mzigo uliopita ikichanganyika na ya leo ni kama kile kibao cha dizeli. Tremkadi, ile karatasi ya kueleza nini kifanyike ajali ikitokea, haikai katika faili. Inakaa kwenye mfuko wa mlango, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje utaifikia hata kama mimi siwezi kusema.

Lakini huyo mtu wa nje ni nani? Tremkadi yangu ya Zambia ni ya Kiingereza, ya Kongo ni ya Kifaransa cha wakemia. Sitene ikilala njiani, wa kwanza kufika ni mama anayeuza makaa na watoto wake. Kwa hiyo usiku huu, mezani, nimeiandika ya Kiswahili kwa mkono, herufi kubwa, mstari wa kwanza hivi: HII SI MAJI. HII SI MAFUTA YA KUPIKIA. USIGUSE. Kesho asubuhi kijana atatoa nakala tano.

Siku ya pili, Kasumbalesa

Tumetoka alfajiri. Kizuizi cha kwanza waliuliza kwa nini tumebeba vibao vya hatari na sitene ni tupu. Nikajibu kwamba mpaka ioshwe na kupewa cheti cha usafi, kwa sheria za mizigo hatari bado inahesabiwa kuwa imebeba. Askari alitikisa kichwa, akaangalia matairi, tukaenda. Mpakani tukavuka upesi kuliko nilivyotegemea, na upande wa pili tukahamia kushoto mwa barabara. Kila mara namwambia kijana aseme kwa sauti, "Kushoto, yaya." Asiponiambia, mikono yangu inataka kurudi kulia.

Tumelala Chililabombwe.

Siku ya tatu, Chambishi

Ukipita Chingola kwenda Kitwe, Chambishi iko njiani. Huku ndiko madini ya shaba yenye salfa yanakochomwa, na ule moshi wa salfa unakamatwa na kugeuzwa asidi badala ya kuachwa uangukie mashamba. Sisi upande wetu tunahitaji asidi hiyo kuyeyusha shaba na kobalti kutoka udongo. Hewa chafu ya huku ni chumvi ya chakula chetu kule.

Sikuweza kupita hapa bila kuufikiria mto. Februari 2025 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulivunjika eneo hili, maji yenye asidi yakaingia kijito cha Mwambashi, yakafika Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Ile haikuwa lori, lakini asidi haiulizi imetoka wapi. Kila daraja dogo ninalovuka na mzigo huu lina watu wanaochota chini yake.

Langoni kwa kiwanda kuna ukaguzi mkali kuliko wote wa safari, na napenda uwe hivyo. Wanazunguka na orodha: taa, breki, matairi, mfuniko wa juu na mpira wake wa kuziba, vali ya chini na kifuniko chake cha bolti, mitungi miwili ya moto, kabari za matairi, pembetatu, beleshi, mchanga, chokaa, ndoo, glavu ndefu, buti za mpira, ngao ya uso. Kisha mkaguzi, mama wa makamo, akaomba kuona maji ya kuoshea macho na dumu letu la maji la lita 20.

Dumu lilikuwa nusu. Kijana alikuwa ametumia maji yake kwa chai jana jioni. Na chupa ya kuoshea macho ilikuwa imefunguliwa, haina muhuri.

Ametutoa kwenye mstari. Hakufoka, alisema tu, "Bashikulu, jicho halisubiri mwende dukani." Bashikulu ni babu kwa Kibemba, heshima kwa mtu mzima, na iliniingia kuliko matusi. Kijana alitaka kuomba msamaha, lakini kosa ni langu. Nilikagua dumu siku ya kwanza, nikadhani kukagua mara moja kunatosha safari nzima. Tumekwenda hadi Kitwe kununua chupa mpya mbili, tukajaza madumu mawili, na nimeyafunga kwa kamba nyekundu. Kamba ikikutwa imekatwa, mtu ataeleza.

Tumerudi jioni, nafasi yetu imechukuliwa na magari kumi na moja.

Siku ya ine, Chambishi hadi mpakani

Wamepakia saa tatu asubuhi. Asidi hii ni nzito sana, lita moja ina kilo 1.84. Tani 30 zinaingia katika lita kama 16,300 tu, ndiyo maana sitene ya asidi inaonekana fupi na nyembamba karibu na ya petroli. Watu wanadhani tumebeba kidogo. Kwenye mizani hakuna mchezo: uzito wote wa gari na mzigo usizidi tani 56. Tulipita. Kwenye kona naingia na gia ya chini kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, kwa sababu mzigo ule unajisogeza wenyewe na unachelewa kusimama.

Kabla ya kutoka nililinganisha karatasi na kibao, neno kwa neno: jina la mzigo, 1830, daraja la 8, kundi la pili la ufungaji (linaloonyesha ukali wa hatari), uzito, mpelekaji, mpokeaji. Hati ya mzigo iliandikwa "1803". Kidole cha karani kiliruka. Nikarudi ofisini, nikasubiri saa moja wakachapa upya. Dereva mmoja nyuma yangu aliniambia hakuna atakayeona. Labda. Ila mtu akiuliza kwa simu 1803 ni nini, ataambiwa habari ya kitu kingine kabisa.

Foleni ya mpaka imetukuta mbali na geti. Tumelala ndani ya kabini.

Siku ya tano, Kasumbalesa

Tumevuka saa kumi jioni, tukaingizwa uwanja wa kusubiri forodha. Vumbi, magari bega kwa bega, wamama wanapita na mayai ya kuchemsha na karanga, vijana wanauza maji baridi na kadi za simu. Sitene za asidi tulikuwa nyingi, na malori ya salfa ya njano katika mifuko mikubwa.

Saa mbili usiku kijana akanigonga. "Yaya, hii ya mbele iko inatonya."

Kweli. Kwenye vali ya nyuma ya sitene iliyotutangulia, tone, tone, tone. Dereva wake hayupo, alikwenda kutafuta bukari, ugali wetu. Na chini ya vali amechuchumaa kijana wa miaka kumi na minne hivi, ameweka chupa ya plastiki iliyokatwa, anakinga.

Niliwahi kusoma habari za Sange, huku kwetu Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: sitene ya mafuta ilianguka, watu wakaja, moto ukawaua zaidi ya 230. Na Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya 100, wengi walikuwa wanachota petroli. Nilidhani asidi haiwezi kumvuta mtu hivyo. Nilikosea. Yule kijana alijua ni asidi. Alitaka kuiuza kwa mafundi wa betri.

"Mudogo wangu, acha chupa, simama, rudi nyuma kwangu."

"Muzee, ni maji ya batri tu."

Maji ya betri yamechanganywa, asidi yake ni kama theluthi moja hivi. Hii ni asilimia 98. Fundi akiimwagia maji kidogo ingechemka na kumrukia usoni. Alipoinuka niliona anajifuta mkono kwenye suruali, na ule mkono tayari ulikuwa unamuuma. Nikavaa glavu, kijana wangu akakata kamba nyekundu. Dumu lote la kwanza tukalimwaga mkononi na mguuni mwake, suruali tukamvua mbele ya watu wote bila aibu, kisha dumu la pili polepole. Kwa saa yangu, dakika ishirini. Ngozi ilibaki nyekundu, ina lengelenge moja kama sarafu. Mama wa mayai alimpa kitenge chake na kumpeleka kwenye kituo cha afya, na moja ya karatasi zangu za Kiswahili akiishika mkononi amwonyeshe muuguzi.

Chini tulimwaga mchanga mkavu, tukaujengea kama ukingo, kisha chokaa kuanzia pembeni, kidogo kidogo, maana chokaa nayo inachemka ikikutana na asidi. Dereva alirudi akitetemeka. Sikumgombeza. Tulikaza bolti za kifuniko pamoja, mbili zilikuwa zimefungwa kwa vidole tu. Matone yakakoma saa nne kasoro.

Chupa ile tumeisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, ameichukua yeye mwenye sitene. Sijalala vizuri.

Siku ya posho, Kasumbalesa

Asubuhi yule kijana alipita na bandeji, akanisalimu kwa mkono wa kushoto. Namshukuru Mungu. Nilikwenda kununua dumu la tatu, nikajaza yote, kamba mpya.

Ofisi zimechukua siku nzima: forodha, udhibiti wa bidhaa, afya, uhamiaji. Mkaguzi mmoja alipanda hatua ya kabini, akakuta karatasi ya Kiswahili mlangoni, akaisoma kwa sauti kama anasoma matangazo kanisani. Akasimama.

"Shofere, hapa umeandika: ikikugusa, mwaga maji mengi. Huku chini umeandika: iliyomwagika chini, usiimwagie maji. Njo gani sasa?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nikamjibu: mwilini asidi ni kidogo na maji ni mengi, yanaichukua na kuondoka nayo pamoja na joto lake. Chini asidi ni nyingi, na ndoo yako moja ya maji ni kidogo, inachemka na kurukia uso wako, halafu kinachobaki kinakimbilia mtaroni. Alifikiri, akasema, "Basi andika hivyo. Mimi sijuaka kemia, lakini hivyo nimesikia." Akanipa kalamu yake. Nimeongeza mstari: MWILINI MAJI MENGI SANA. CHINI MCHANGA, HALAFU CHOKAA. Na chini yake: USIPAKE MAFUTA WALA DAWA YA MENO JUU YA KIDONDA, maana mama wa mayai jana alikuwa ameshaanza kutafuta dawa ya meno.

Aliomba nakala moja abaki nayo.

Siku ya Mungu, kuelekea Lubumbashi

Misa nimeikosa. Tumefika kando ya mji mchana, na sitene yenye mzigo siipeleki mtaani kwetu, hata kama nyumba iko dakika kumi. Nimeegesha uwanja wa malori, mbali na nyumba za watu. Mke wangu alikuja na bukari, samaki na lengalenga (mchicha), tukala tumekaa juu ya mkeka, upande ambao upepo unatoka. Mtoto wetu wa mwisho aliuliza picha ya ule mkono kwenye kibao ni ya nani.

Siku ya kwanza tena, Fungurume

Tumepita Likasi kabla ya saa tano. Vizuizi vitatu. Kwenye kimoja tuliombwa pesa ya kosa ambalo halikutajwa jina. Nikafungua faili karatasi moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, nikauliza ni ipi inayokosekana ili niiandike. Imechukua dakika arobaini, tukaachiwa. Faili kamili haliondoi usumbufu, linaufupisha.

Kwenye barabara hii ya kwenda Kolwezi kuna kijiji cha Kabwe. Februari 2019 lori la asidi liligongana na basi karibu nacho, watu zaidi ya 15 wakafa, wengine waliunguzwa na asidi wakiwa wamenaswa. Najiuliza kama waliokimbilia kusaidia walijua nini cha kufanya na maji na nini cha kufanya na mchanga. Mzigo huu wa leo haufiki huko, unaishia kabla. Lakini madereva wenzangu wanapita hapo kila siku, na karatasi zao mlangoni ni za Kifaransa na Kiingereza.

Geti la mgodi walikagua kila kitu tena, hadi tarehe ya mitungi ya moto. Mwanamke wa usalama alivuta kamba nyekundu ya madumu, akauliza ni ya nini. Kijana wangu ndiye aliyemweleza, kwa kirefu, pamoja na habari ya chai. Aliniomba karatasi ya Kiswahili akaipiga picha kwa simu.

Wamemaliza kushusha saa moja usiku. Mfuniko umefungwa mara moja, mawingu yalikuwa yanakuja kutoka Tenke. Vibao vimebaki mahali pake, 80 juu, 1830 chini, kwa safari ya kurudi. Mfukoni mwa mlango imebaki nakala moja, ina doa la chokaa, mstari wa mwisho umeandikwa kwa kalamu ya yule mkaguzi. Kesho kutwa, soko la Kenya kule Lubumbashi, nitachapa hamsini.